Diski ya Kuanzishia: Tofauti kati ya Kunakili na Kuhamisha

1. Utangulizi

Katika Kiswahili husemwa kisu cha kukatia, kalamu ya kuandikia, na vivyo hivyo diski ya kuanzishia kompyuta. Kauli ya kutendea hapa yataja kazi ya kifaa, wala si vitu vilivyomo ndani yake. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha makala haya, kwani diski yaweza kujaa faili na bado isiwe ya kuanzishia. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi diski mpya ya aina ya SSD inavyofanywa diski ya kuanzishia, na jinsi neno moja likitumiwa ovyo linavyoweza kumpotezea mtafiti rekodi za sauti za wazee ambao hawapo tena duniani.

2. Diski ya zamani na diski mpya

Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka, aghalabu mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono unaopita juu yake kusoma na kuandika. SSD haina kitu kinachosogea. Data huhifadhiwa kama chaji ya umeme katika silikoni, na kwa sababu hiyo kompyuta iliyokawia dakika kadhaa kuamka huweza kuwa tayari kwa muda usiofika dakika moja.

Maumbo yaliyoenea ni mawili. La kwanza ni la inchi 2.5, linaloingia palepale ilipokaa diski ya zamani ya kompyuta ya mkononi. La pili ni kijiti chembamba cha M.2, kinachochomekwa katika ubao mkuu. Vijiti hivyo vingine hufuata utaratibu wa SATA na vingine NVMe, na si kila tundu hupokea vyote viwili. Kwa hiyo yafaa kijitabu cha kompyuta kisomwe kabla ya kwenda dukani.

3. Maana ya kuanzisha

Kompyuta inapowashwa, huamka kwanza programu ndogo iliyomo katika ubao mkuu. Zamani programu hiyo ilikuwa BIOS; katika kompyuta za siku hizi ni UEFI. Hiyo hukagua viungo vya kompyuta, kisha hutafuta diski yenye maelekezo ya kuupakia mfumo wa uendeshaji, kama vile Windows au Linux.

Katika utaratibu wa BIOS, maelekezo ya kwanza hukaa ndani ya baiti 512 za mwanzo wa diski, nje ya faili zote. Katika utaratibu wa UEFI, hukaa katika sehemu maalumu ya diski yenye muundo wa FAT32, ambayo kwa kawaida mtumiaji haioni. Ni dhahiri basi kwamba mtu anayenakili faili anazoziona huyaacha nyuma maelekezo hayo. Diski mpya ikitiwa mahali pa ile ya zamani, kompyuta hujibu kwamba haikuona diski ya kuanzishia.

4. Utaratibu

Kwanza, faili zisizoweza kupatikana tena huwekwa katika diski ya tatu, nayo huondolewa kabisa kabla kazi haijaanza. Ikiwa diski ya zamani imefungwa kwa BitLocker, ufunguo wa kuifungulia huandikwa na kuhifadhiwa mahali pengine.

Pili, huchaguliwa moja kati ya njia mbili: kusakinisha mfumo upya katika diski mpya, au kunakili diski nzima, pamoja na sehemu zake zisizoonekana, kwa programu kama Clonezilla. Njia ya kwanza yafaa zaidi pale mfumo wenyewe umechakaa. Windows 10, kwa mfano, iliacha kuhudumiwa kwa kawaida mnamo Oktoba 2025.

Hatari kubwa imo katika njia ya pili. Programu huuliza ipi ni diski ya chanzo na ipi ni ya kupokelea. Majibu yakipinduliwa, diski tupu hunakiliwa juu ya ile iliyojaa, na kazi ya miaka hufutika. Jina la mtengenezaji na ukubwa wa kila diski sharti vilinganishwe kabla ya kukubali.

Tatu, kompyuta huzimwa na kuondolewa umeme, na diski ya zamani hutolewa. Mwanzo wa kwanza ufanywe kwa diski mpya peke yake. Nakala kamili hubeba hata vitambulisho vya diski ya asili, na zote mbili zikiwamo, kompyuta huweza kuzichanganya.

5. Hitimisho

Diski ya zamani isifutwe mpaka mpya iwe imeianzisha kompyuta mara kadhaa, na rekodi zenyewe zimefunguliwa na kusikilizwa. Hali kadhalika, SSD isifanywe ghala la pekee, maana chaji yake huweza kufifia ikikaa muda mrefu bila umeme.

Kwa upande wa istilahi, kunakili faili, kunakili diski na kusakinisha upya ni matendo matatu mbalimbali. Mfasiri wa maelekezo ya kompyuta anayeyaita yote 'kunakili' hajakosea sarufi; lakini msomaji atakayemfuata huenda akaifuta diski yake ya zamani akiamini kwamba amekwisha kuihamisha.