KUZIBA KWA MKOJO NI JAMBO LA HARAKA
Wafanyakazi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba wanakumbushwa kuwa taabu ya kupata haja ndogo si jambo la kuonewa haya. Kwa wanaume waliopindukia miaka 50, sababu kubwa ni kukua kwa tezi dume, ambayo huubana mrija wa mkojo. Mkojo ukitoka kwa kujikamua, ukikatikakatika au ukiuma, mgonjwa aende kituo cha afya. Mkojo wenye damu huweza kuwa dalili ya kichocho. Anayeshindwa kabisa kukojoa, hali kibofu kimejaa na kinauma, apelekwe hospitali saa ile ile, hata ikiwa usiku. Asinyweshwe maji mengi kuulazimisha mkojo, kwani kibofu huzidi kujaa na figo zaweza kudhurika. Hospitalini hutiwa mpira, mkojo ukatoka na maumivu yakatulia.