Kabla ya Kulipa Ada, Ulizia Wakufunzi

Mwombaji wa chuo cha kati na mzazi wake aghalabu huuliza mambo matatu: je, chuo kimesajiliwa, ada ni kiasi gani, na hosteli ipo? Ni maswali ya lazima. Usajili huthibitishwa katika tovuti ya NACTVET, na mwongozo wa udahili hueleza sifa za kujiunga, muda wa masomo na ada. Hata hivyo, chuo chenye usajili halali chaweza kujaza darasa mwezi Oktoba, na kufikia muhula wa pili baadhi ya viti vikawa vitupu.

Wengine huondolewa na ukosefu wa fedha, ugonjwa au uzazi. Lakini Vincent Tinto, mwanazuoni wa Marekani, alieleza mwaka 1975 kwamba kubaki au kuondoka hutegemea pia jinsi mwanafunzi anavyounganika na chuo, kimasomo na kijamii. Kwa mwanafunzi wa kutwa, anayepanga chumba mtaani na kuondoka mara kipindi kiishapo, chuo ni darasa, na darasa ni mkufunzi.

Chukua mfano wa tathmini endelevu, ambayo alama zake huingia katika matokeo ya muhula. Jaribio la kwanza likisahihishwa na kurudishwa mapema, aliyeshindwa hupata muda wa kujirekebisha. Likirudishwa siku chache kabla ya mtihani, limekwisha kuwa hukumu.

Kwa hiyo fika chuoni siku ya masomo. Uliza ni wakufunzi wangapi wa fani yako walioajiriwa na chuo, na wangapi hulipwa kwa kipindi. Wa kipindi anaweza kuwa hodari kuliko wote, hasa akitoka wodini au karakana. Ila anayekimbilia chuo kingine saa nane hana nafasi ya kumsikiliza aliyekwama. Uliza pia nani humpigia simu mwanafunzi asiyeonekana wiki nzima. Ukiambiwa ni mhasibu, tena kwa ajili ya deni la ada, umepata jibu. Swali hilohilo waulize wanafunzi wa mwaka wa pili.

Aliyekwisha kujiunga na anafikiria kuacha, amwone kwanza mkufunzi wake au mkuu wa idara. Masomo yaweza kuahirishwa kwa barua na kwa idhini ya chuo. Kutoweka kimya hakumlindii mwanafunzi nafasi yake. Nakala ya barua hiyo, iliyogongwa muhuri wa chuo, ihifadhiwe nyumbani.