Unataka kazi ya uendelevu? Anza na kupima

Mwanzoni mwa Septemba 2015, kampuni ya magari ya Volkswagen ilitajwa kuwa kinara wa sekta yake katika Dow Jones Sustainability Index, orodha ya kampuni zinazosifiwa kwa kujali mazingira na jamii. Tarehe 18 ya mwezi huohuo, mamlaka ya mazingira ya Marekani ikaishutumu kwa kudanganya vipimo vya moshi wa magari yake ya dizeli. Mwezi uliofuata ikaondolewa kwenye orodha.

Ilikuwaje? Magari yale yalikuwa na programu inayotambua kwamba gari linapimwa. Maabara, moshi unasafishwa vizuri. Barabarani, usafishaji unapunguzwa. Magari yaliyohusika yalikuwa kama milioni 11 duniani kote.

Kashfa hiyo ilianza kuibuka kwa kazi ya kikundi kidogo cha West Virginia University, wakiwemo wanafunzi wa shahada za juu kama sisi. Mwaka 2013 walifunga vifaa vya kupimia kwenye magari na kuyaendesha barabarani California. Hawakuwa wanamtafuta mwizi. Lakini gari moja lilitoa oksidi za nitrojeni, gesi zinazodhuru mapafu, mara 15 hadi 35 ya kiwango kinachoruhusiwa.

Ndiyo maana kwa mwanafunzi anayetaka kazi hii, kupenda mazingira peke yake hakutoshi. Lazima uweze kuichukua kauli ya kampuni na kuipima.

Hebu tujaribu. Chukua jenereta ya ofisi inayokula lita 200 za dizeli kwa mwezi. Lita moja ina uzito wa kama kilo 0.84, na karibu asilimia 86 ya uzito huo ni kaboni, yaani kilo 0.72 hivi. Dizeli ikiungua, kila atomu ya kaboni inashikana na atomu 2 za oksijeni kutoka hewani. Kaboni ina uzito wa 12, kabonidioksidi 44. Kwa hiyo 0.72 × 44 ÷ 12 inatupa kama kilo 2.6 za hewa ukaa kwa kila lita. Ndiyo, gesi ni nzito kuliko mafuta yenyewe, kwa sababu oksijeni imeongezeka. Kwa mwaka, jenereta hiyo inatoa zaidi ya tani 6.

Hapo ni rahisi. Ugumu ni kujua nini kihesabiwe. Mwongozo unaotumika sana, GHG Protocol, unagawa hesabu katika mafungu 3: unachochoma mwenyewe, umeme unaonunua, na mengine yote kwenye mnyororo, kuanzia malighafi hadi matumizi ya bidhaa. Sasa fikiria kampuni inauza malori yake yote, inaanza kumlipa mtu mwingine asafirishe mizigo yake kwa malori yake mwenyewe, halafu inatangaza kwamba imepunguza hewa ukaa. Moshi uko palepale, umehama tu kutoka fungu la 1 kwenda la 3. Kazi yako ni kuliona hilo.

Ujiandaeje, basi? Kwanza, shika fani moja sawasawa: kemia, uhandisi, uhasibu, sheria au kilimo. Uendelevu unajengwa juu ya fani. Pili, zoea Excel, maana takwimu nyingi zinakuja zikiwa hovyo. Tatu, zijue kanuni za utoaji taarifa, hasa IFRS S1 na S2 zilizotolewa Juni 2023, kwa sababu zinaweka taarifa za uendelevu karibu na hesabu za fedha.

La nne halina kozi: kuweza kumwambia bosi kwamba namba hii si kweli. Mhandisi mmoja wa Volkswagen aliyeshiriki udanganyifu ule alihukumiwa miezi 40 jela nchini Marekani mwaka 2017.

Wiki hii, tafuta ripoti ya mwaka ya kampuni yoyote iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa la Dar es Salaam au Nairobi. Chagua kauli moja ya mazingira, kisha uliza: wamepima nini, wamelinganisha na mwaka gani, na nani wa nje amehakiki? Usipopata majibu ndani ya ripoti, waandikie uwaulize.