Kobe wa Maji na Nchi Kavu ya Kando ya Lambo

Masika yakianza Kabuku, huenda tukamkuta kobe wa maji akivuka barabara iendayo Segera, mbali na lambo lolote. Watoto husema amepotea. Hakupotea; ana safari yake.

Miongoni mwa kobe wa maji wa nchi yetu wamo wa jamaa hizi mbili. Wa kwanza gamba lake la tumboni lina bawaba, hata huweza kulifunga upande wa mbele kama mlango. Wa pili hana bawaba, naye ni mwenyeji wa vidimbwi vikaukavyo. Maji yakiisha hujifukia ardhini, akalala mpaka mvua irudi. Hula wadudu, vyura na mizoga. Ukimshika hutoa uvundo, na mvulana aliyemtia mfukoni hatuhitaji kumwuliza.

Basi maji humpa chakula, lakini mayai hutagwa nchi kavu. Jike huchimba shimo kwa miguu ya nyuma, hutaga, hufukia, akaenda zake. Tukilima mpaka ukingoni, jembe huyavunja. Wala hatutambui hasara upesi, maana kobe wakubwa huishi miaka mingi. Twaendelea kuwaona lamboni, kumbe nyuma yao hapana watoto.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu katika mita 60 kutoka kingo za mito na mabwawa. Je, zatosha? Mwaka 1995 wataalamu Burke na Gibbons walieleza habari za kobe wa maji wa South Carolina, Marekani. Kuhifadhi sehemu tisa katika kumi za mashimo yao ya kutagia na kulalia kulitaka mita 73. Kuyahifadhi yote, mita 275. Kobe wale si hawa wetu, wala udongo wao si huu. Hata hivyo twaona kuwa mita 60 si nyingi kupita kiasi.

Hatuwezi kumwambia mkulima aache mita 275 za mahindi. Twaweza kumwomba aziache zile 60, asichome majani yake, na ng'ombe wapewe njia moja ya kushukia majini. Tena wakati wa kiangazi, watu wazoapo tope la lambo, wazoe upande mmoja kwanza. Na kobe atakayefukuliwa arudishwe kwenye tope la upande wa pili, penye kivuli.