Shamba la wote, shamba la nani?



Kila msimu ninapotembelea koperative za kandokando ya Kamina, ninaona jambo lilelile. Mahindi ya nyuma ya nyumba yamepaliliwa mara mbili. Shamba la pamoja bado linangojea, majani yamefika magotini. Siku moja niliuliza ni juu ya nini. Mama mmoja akanijibu: "Mwana yangu, ile shamba ni ya batu bote, njo maana haina mwenyewe."

Jibu lake lilinikumbusha kijiji cha mbali: Xiaogang, katika jimbo la Anhui, kule China.

Mwaka 1958 serikali ya Mao Zedong iliwaingiza wakulima katika komuni kubwa. Ardhi, wanyama wa kulima, hata jiko la kupikia, vyote vikawa vya wote. Mkulima alihesabiwa pointi za kazi: aliyelima kwa nguvu na aliyeegemea jembe walipata karibu sawa. Wakubwa waliandika mavuno ambayo hayakuwapo, na serikali ikachukua nafaka kufuatana na karatasi zile. Kati ya 1959 na 1961 mamilioni ya watu walikufa kwa njaa. Anhui iliumia sana.

Hata miaka iliyofuata, watu wa Xiaogang walikuwa wakitoka kwenda kuomba chakula. Basi usiku mmoja wa mwisho wa 1978, wakulima 18 walikutana kwa siri wakagawana mashamba. Kila nyumba itatoa fungu la serikali na la kijiji. Kinachobaki ni chake. Waliandika mapatano, wakatia kidole. Jambo hilo lilikatazwa, kwa hiyo waliahidiana: viongozi wetu wakifungwa, sisi wengine tutalea watoto wao mpaka wafike miaka 18.

Mwaka 1979 walivuna tani 66 hivi za nafaka. Deng Xiaoping aliunga mkono njia hiyo, na katika miaka michache ikaenea karibu China yote.

Tusidanganyane: kugawana peke yake hakukutosha. Mwaka uleule serikali ilipandisha bei ya nafaka kwa asilimia 20, na mbolea na mbegu bora vilizidi kupatikana.

Sisi tuchukue nini? Wazee wetu wanakumbuka salongo ya wakati wa Mobutu: mwili ulikwenda, roho ilibaki nyumbani. Lakini Xiaogang hawakuuza ardhi. Ilibaki ya kijiji. Waligawana kazi na mavuno tu.

Koperative inaweza kufanya vilevile. Mbegu, mbolea, depo na lori la kupeleka sokoni, hayo tuyafanye pamoja, maana mtu mmoja hayawezi. Palizi tuigawe: pimeni shamba la pamoja, kila nyumba ipewe mistari yake. Andikeni ni magunia mangapi yatarudi kwenye sanduku la koperative, na kila mmoja atie sahihi au kidole. Wajane na wagonjwa waandikwe pia, wenye nguvu wawasaidie, kama wale 18 walivyofikiria watoto wa wenzao.

Kabla ya kupanda, itisheni mkutano. Simameni mbele ya shamba, muulizane: mistari hii ni ya nani? Kila mstari ukipata jina, palizi haitangojea tena.