Hesabu Wanyama, Si Matukio

Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Bustani ya wanyama aghalabu huwa na sokwe wachache tu. Mtafiti huwatazama mwaka mzima, akanakili matukio elfu moja, kisha akayapigia hesabu kana kwamba yametokana na sokwe elfu. Mwaka 1984, mwanaikolojia Stuart Hurlbert aliwaonya wenzake juu ya kosa la aina hiyo.

Sisi wanaisimu tuna mfano wetu. Katika miaka ya 1970, Herbert Terrace wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, alimfunza sokwe Nim lugha ya ishara. Zilikusanywa semi zaidi ya 19,000. Msemaji alikuwa mmoja. Mwaka 1979 Terrace alikiri kuwa Nim aliwaiga mno walimu wake. Lakini hata kushindwa kwa Nim hakuwezi kuwahukumu sokwe wote.

Nami sijitoi lawamani. Katika tasnifu yangu ya uzamili niliandika "wazee husema hivi", ilhali sentensi zote nilizipata kwa bibi mmoja. Msimamizi wangu hakuniuliza.

Wanafunzi, kabla ya kuhesabu sentensi, hesabuni wasemaji. Nanyi walimu wenzangu, tuwaulize.