Cheti au Uzoefu? Kabla Hujaacha Chuo Ukauze Viatu, Soma Hii



Kila kikifika kipindi cha watu kupangiwa vyuo, napokea swali lile lile. "Dada, nimepata chuo, lakini biashara yangu ya mtandaoni imeanza kuchanganya. Niende au nikomae na biashara?" Na wapo wa upande wa pili: "Dada, nina digrii, nipo nyumbani mwaka wa pili huu, nauza vipodozi WhatsApp. Kwani nilipoteza muda?"

Mwaka huu swali limeingia mpaka ndani kwangu. Mdogo wangu wa kiume amemaliza kidato cha sita, ECA, amepata nafasi ya kusomea uhasibu hapa hapa Dodoma. Mkopo ameomba, majibu bado. Kikitoka kiasi kidogo au asipopata kabisa, anayeongezea ni mimi. Na pesa yenyewe ndiyo ile ya mzigo wa Oktoba.

Wauzaji wa Dodoma mnaelewa Oktoba maana yake nini. Huu ni mji wa vyuo: UDOM, CBE, Mipango, St. John's. Wanafunzi wapya wakishuka, wanataka mabegi, raba, ndala, mashuka, ndoo, kila kitu. Mwenye mzigo ndiye anayekula. Kwa hiyo pesa ni moja, mwezi ni mmoja, na matumizi ni mawili.

Dogo mwenyewe kaniambia: "Dada, tuingize yote kwenye mzigo. Miaka mitatu ikiisha wenzangu wanazunguka na bahasha, mimi nina fremu yangu."

Mimi niliishia kidato cha nne. Nilianza na pea sita za viatu vya kike, leo nina kifremu Majengo na wateja wengi wananipata mtandaoni. Kwa hiyo mngetegemea nimjibu "sawa, twende kazini". Sikumjibu hivyo. Nilikaa na hoja yake siku kadhaa, na haya ndiyo niliyoyapima.

Hoja yake siyo mbovu

Tusidanganyane. Mwaka 2025 TRA walitangaza nafasi 1,596. Walioomba walizidi 130,000. Piga hesabu: nafasi moja, watu zaidi ya 80, na karibu wote wana vyeti. Mwaka 2014 nako, Uhamiaji walikuwa na nafasi 70 tu, waliofika kwenye usaili Uwanja wa Taifa walikuwa zaidi ya 10,000. Kwa hiyo mtu akikwambia digrii ni tiketi ya ajira, muulize treni yenyewe ina viti vingapi.

Halafu kuna mkopo wa chuo. Mkopo si zawadi. Ukiajiriwa, unakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Ni deni zuri ukipata kazi, ni deni tu usipopata.

Hapo ndipo mtu anakutajia Bakhresa. Ni kweli, Said Salim Bakhresa aliacha shule akiwa mdogo, akaanza na biashara ya chakula, leo unga wa Azam uko kila duka. Lakini jiulize swali la pili: leo nani anafunga hesabu za kampuni ile? Nani anasimamia mitambo ya kusaga? Nani anasoma mikataba? Watu waliosoma. Mzee hakuwa na digrii, ila hajaendesha kampuni kubwa bila digrii za watu wengine.

Na ukitaja Bakhresa, mtaje na Reginald Mengi. Yeye alisomea uhasibu Uingereza, akarudi akafanya kazi kwenye kampuni ya ukaguzi wa hesabu. Kipindi bidhaa zimeadimika nchini, akaanza kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake. Mtaje na Mohammed Dewji, aliyesoma Georgetown kule Marekani, akarudi kwenye biashara ambayo baba yake alikuwa ameshaianzisha. Mmoja bila chuo, mmoja chuo kisha biashara, mmoja biashara ya familia pamoja na chuo. Kwa hiyo mfano wa tajiri mmoja hauwezi kukuamulia maisha.

Uzoefu unakupa nini

Unakupa kujua mambo ambayo hayajaandikwa mahali. Mimi najua Dodoma kuanzia Juni upepo wa baridi unakata, kwa hiyo masweta lazima yawe yamefika Mei. Najua Bunge la bajeti likianza Aprili mji unajaa wageni, na mgeni hana muda wa kubishana bei, anataka kitu kifike hotelini leo. Najua watu wa Bahi na Chamwino wananunua zaidi baada ya mavuno kuliko Januari. Najua mteja wa Mtumba, mtumishi wa wizara, anaweza kuulizia kiatu tarehe 10 na kukilipia mshahara ukitoka. Simsumbui, namuwekea.

Hakuna chuo kilichonifundisha hayo. Nimeyapata kwa kukaa sokoni na kujibu meseji saa tano usiku.

Lakini uzoefu una udhaifu wake: unaishi kichwani mwako. Nikienda kuomba mkopo na kusema "mimi najua soko la Dodoma", afisa mkopo ananiangalia tu. Hawezi kuipima akili yangu. Anaomba karatasi.

Cheti kinakupa nini

Kwanza, kuna milango ambayo sheria yenyewe imeifunga kwa asiye na cheti. Huwezi kukagua hesabu za kampuni na kuzisaini kama hujasajiliwa na NBAA, hata uwe umeshika daftari miaka 20. Huwezi kuamka ukafungua duka la dawa kwa sababu unajua Panadol. Ndoto yako ikiwa nyuma ya mlango wa aina hiyo, uzoefu peke yake hautakuingiza.

Pili, shule nzuri inakupa njia ya kupima unachokiona. Chukua begi ulilonunua Kariakoo kwa 18,000, ukauza 25,000. Wauzaji wengi watakwambia faida 7,000. Sasa toa usafiri wa basi 1,000, mfuko na stika 300, bando 700, makato ya kutoa pesa 500, na boda uliyomlipia mteja ili asighairi 2,500. Umebaki na 2,000, na hujajilipa wewe. Mwenye kujua uhasibu anaiona hiyo kabla hajapanda basi kwenda Dar. Asiyejua anaiona mtaji ukishakata.

Stori ya Mpemba

Kuna stori moja ya Tanzania ambayo naona inajibu swali hili kuliko za matajiri. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu, shule ya Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unaweka sukari, unasubiri yapoe, ndipo unaweka kwenye friji. Nafasi kwenye friji ilikuwa ndogo, Mpemba akaogopa kukosa, akayaweka ya moto hivyo hivyo. Yake yakaganda kabla ya ya mwenzake aliyeyaweka bila kuyachemsha.

Akamuuliza mwalimu, akaambiwa umechanganyikiwa. Baadaye akakutana na rafiki yake anayeuza aiskrimu Tanga mjini. Yule akamwambia ndivyo wanavyofanya siku zote: wanaweka ya moto ili yagande haraka.

Umeona hapo? Wauza aiskrimu wa Tanga walikuwa wanalijua jambo ambalo mwalimu wa fizikia alilikataa. Huo ndio uzoefu. Lakini ujuzi wao uliishia kwenye friji zao. Mpemba alipofika Mkwawa, Iringa, akaja mhadhiri kutoka Dar es Salaam, Denis Osborne. Mpemba akasimama akamuuliza swali lake, wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar, likajaribiwa maabara, na mwaka 1969 wakaliandika pamoja kwenye jarida la fizikia. Leo dunia nzima jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba, na wanasayansi bado wanabishana linatokeaje na kama linatokea kila mara.

Wauza aiskrimu waliona. Chuo kilipima na kuandika. Bila wale wa Tanga, Mpemba angeweza kuamini kwamba kweli amechanganyikiwa. Bila maabara, tusingewahi kumsikia. Kwa hiyo mimi naona cheti na uzoefu havishindani. Uzoefu unakuonyesha jambo, elimu inakusaidia kulithibitisha mbele ya mtu asiyekujua.

Jiulize haya kabla ya kuamua

1. Unachokitaka kina mlango wa sheria? Kama ni uhasibu, udaktari, ualimu, uanasheria, nenda kasome. Usibishane na sheria.

2. Biashara yako inaweza kukusubiri? Wateja wako wa mtandaoni hawajui kama upo darasani. Nafasi ya chuo na mkopo ndivyo vyenye tarehe za mwisho.

3. Unaacha chuo kwa sababu biashara inakua, au kwa sababu umeuza vizuri miezi miwili? Leta daftari la mwaka mzima. Kama huna, bado hujajua biashara yako inakua au ina msimu tu.

4. Hicho unachokwenda kusoma utakitumia hata usipoajiriwa? Kama jibu ni hapana, fikiria tena kozi, siyo lazima ufikirie tena shule.

Na sisi ambao chuo hatukufika?

Tusijione tumechelewa. Kazi yetu ni moja: kuutoa uzoefu kichwani na kuuweka mahali unaonekana.

Anza na daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Andika kila siku: kilichoingia, kilichotoka, aliyekopa. Tenganisha laini ya biashara na laini ya kuongea na shangazi, na pokea malipo kwa lipa namba. Miezi 12 ya miamala ni karatasi ambayo afisa mkopo anaielewa.

Sajili jina la biashara BRELA, chukua TIN. Watu wa maofisini wakitaka kununua kwa wingi wanaulizia risiti, hawaulizii shule uliyosoma.

Kama una ufundi wa mikono, ushonaji, upishi, useremala, VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: wanakupima kwa kile ulichojifunza mtaani na unapata cheti. Na kama roho yako bado inataka digrii, Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu kama sisi, unasoma huku unauza. Elimu haina mwisho, na wala haina umri.

Nilichomjibu dogo

Nimemwambia aende. Sababu si kwamba digrii itampa ajira, hilo siwezi kumuahidi. Sababu ni kwamba yeye anataka uhasibu, na uhasibu una mlango wa sheria. Pia chuo kiko hapa hapa, kwa hiyo biashara haimkosi. Akitoka darasani jioni atajibu wateja na kunifungia hesabu za wiki. Miaka mitatu ikiisha atakuwa na cheti, na atakuwa na daftari la duka linaloonyesha alichofanya. Kwenye ule msururu wa watu 80, sio wengi watakaokuwa na vyote viwili.

Gharama yake naijua. Nimeshatenga ada ya muhula wa kwanza, kwa hiyo mzigo wangu wa Oktoba utakuwa karibu nusu ya nilioupanga. Nimeondoa mashuka na ndoo, nimebaki na mabegi na raba, vitu vinavyotoka haraka. Kuna wateja watanunua kwa jirani. Inauma, na mama naye kaniuliza kama nina uhakika. Nimemwambia mzigo nikiukosa Oktoba hii, Oktoba nyingine inakuja. Nafasi ya dogo sina uhakika kama itarudi.

Wewe mwenye duka bila cheti, fungua daftari leo. Wewe mwenye cheti bila kazi, hujapoteza muda: chukua hesabu uliyosoma uiingize kwenye hivyo vipodozi, utatuacha mbali. Na wewe uliyepata chuo huku biashara inachanganya, pitia yale maswali manne taratibu, ukiwa na daftari mkononi.

Haya, tukutane sokoni. Mimi mabasi ya Dar yameshafika, naenda kupokea raba zangu.